Sheria ya Kaskazini-Magharibi ya 1787: njia ya eneo kuwa jimbo nchini Marekani

Mkataba wa Paris wa mwaka 1783 uliimaliza vita ya uhuru wa Marekani, na pamoja na uhuru huo Uingereza ikaachia madai yake juu ya nchi pana iliyo kati ya mto Ohio, Maziwa Makuu ya Amerika na mto Mississippi. Wakazi wa nchi hiyo, yaani Washawnee, Wamiami, Wadelaware na mataifa mengine ya wenyeji, hawakushirikishwa katika mazungumzo. Tulishike hilo mapema, maana simulizi nyingi za Sheria ya Kaskazini-Magharibi, iliyopanga jinsi nchi hiyo itakavyotawaliwa, hulitaja mwishoni, kana kwamba ni tanbihi.

Serikali mpya ilikuwa na madeni ya vita na haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Utajiri wake ungekuwa ardhi, ila hata ardhi hiyo ilikuwa na ugomvi. Virginia, New York, Massachusetts na Connecticut zilidai sehemu za magharibi kwa hati za enzi ya ukoloni, na madai mengine yaliingiliana. Maryland, isiyo na dai lolote, ilikataa kuridhia mkataba wa muungano, uliounganisha majimbo kabla ya Katiba ya sasa, hadi mwaka 1781, ilipoona majirani zake wameanza kulegeza kamba. Virginia ilikabidhi rasmi madai yake ya ng'ambo ya Ohio mwaka 1784.

Hapo likaja swali gumu zaidi la kisiasa. Watu watakaohamia huko watatawaliwaje? Kuwatawala moja kwa moja ni kufanya yale yale ambayo London ilifanya, na yaliyoleta vita. Kuwaacha wajitawale tangu siku ya kwanza ni kuhatarisha ardhi ambayo taifa lilitaka kuiuza, na kuwapa mwanya Waingereza na Wahispania waliokuwa bado jirani. Thomas Jefferson alikuwa na mpango mwaka 1784 uliowaamini walowezi kwa kiasi kikubwa, na uliopendekeza hata majina ya majimbo kama Assenisipia na Polypotamia (shukrani kwa waliokataa). Mwaka 1785 ikatungwa sheria ya upimaji: ardhi igawanywe katika miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba uwe na viwanja 36 vya ekari 640, na kiwanja namba 16 kitengwe kwa ajili ya shule. Atazamaye Ohio au Indiana kutoka kwenye ndege leo bado huiona mistari hiyo iliyonyooka.

Tarehe 13 Julai 1787 Bunge la Muungano, likiwa New York, lilipitisha sheria yenyewe. Wakati huo huo wajumbe wengine walikuwa Philadelphia wakiandika Katiba. Mwandishi mkuu anayetajwa ni Nathan Dane wa Massachusetts, lakini aliyeharakisha mambo ni mchungaji Manasseh Cutler, wakala wa kampuni ya maofisa wastaafu wa jeshi waliotaka kununua ekari milioni moja na nusu kando ya Ohio. Mnunuzi wa kiasi hicho husikilizwa. Majimbo yote manane yaliyohudhuria yaliunga mkono; mjumbe mmoja tu, Abraham Yates wa New York, alipinga.

Sheria iliweka hatua tatu. Kwanza, Bunge linateua gavana, katibu na majaji watatu, na wakazi hawana kura yoyote. Pili, wanaume huru watu wazima wakifika 5,000, wanachagua baraza lao la wawakilishi na kupeleka mjumbe bungeni, anayeruhusiwa kujadili lakini si kupiga kura. Hata hapo gavana anabaki na turufu ya kukataa muswada wowote, na mpiga kura lazima amiliki ekari 50. Tatu, eneo likifikisha wakazi huru 60,000, linaandika katiba na kuingia katika muungano kwa hadhi sawa kabisa na majimbo ya mwanzo.

Kwa maoni yangu, hatua hiyo ya tatu ndiyo iliyoibadili dunia ya siasa. Dola za wakati ule zilizoea kwamba eneo lililo mbali linabaki chini ya kitovu. Hapa kitovu kiliahidi kwa maandishi kwamba utawala wake una ukomo, na kwamba Virginia yenye historia ndefu haitakuwa juu ya jimbo lililozaliwa jana. Ohio iliingia mwaka 1803, Indiana 1816, Illinois 1818, Michigan 1837 na Wisconsin 1848. Idadi ya 60,000 haikuwa mwamba: sheria iliruhusu kuingia mapema zaidi, na Illinois iliitumia nafasi hiyo.

Ibara ya sita ilipiga marufuku utumwa katika eneo lote, isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai, na papo hapo ikaruhusu mtumwa aliyetoroka kutoka jimbo jingine akamatwe na kurudishwa. Marufuku haikuwa na chombo cha kuisimamia. Gavana wa kwanza, Arthur St. Clair, aliitafsiri kuwa haiwagusi watumwa waliokuwepo tayari. Huko Indiana na Illinois mabwana waliwafunga watu weusi kwa mikataba ya utumishi ya miaka mingi, utumwa uliovaa koti la sheria. Ilibidi mwanamke mtumwa aitwaye Polly aende mahakamani, na mwaka 1820 Mahakama ya Juu ya Indiana ikamtangaza huru kwa kuitegemea katiba ya jimbo. Hata hivyo maneno ya ibara hiyo hayakupotea: Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya mwaka 1865, yameyachukua karibu neno kwa neno, pamoja na ule upenyo wa wafungwa unaobishaniwa hadi leo.

Kwa wenyeji sheria iliahidi nia njema daima, na kwamba ardhi yao haitachukuliwa bila ridhaa yao, ila katika vita vya haki vilivyoidhinishwa na Bunge. Lakini idadi ile ya watu 60,000 ingefikiwa wapi, kama si juu ya ardhi yao? Ahadi mbili ziliandikwa katika hati moja, na moja ilihitaji kuivunja nyingine. Vita vilikuja. Novemba 1791 wapiganaji wakiongozwa na Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee waliliangamiza jeshi la St. Clair, wakiua askari zaidi ya 600, kipigo kikubwa kuliko vyote ambavyo jeshi la Marekani limewahi kupata kutoka kwa wenyeji. Wapiganaji hao walishindwa katika mapigano ya Fallen Timbers mwaka 1794, na mwaka uliofuata kwa Mkataba wa Greenville wakatoa sehemu kubwa ya Ohio ya leo.

Bunge jipya chini ya Katiba liliithibitisha sheria hii mwaka 1789, na mfumo wake ukawa kielelezo kwa maeneo mengi yaliyofuata, hadi Alaska na Hawaii mwaka 1959. Ulipokwama ni baada ya vita na Hispania ya 1898. Kuhusu Puerto Rico, kisiwa cha Karibi ambacho Marekani ilikipata katika vita hivyo, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1901 kwamba kisiwa hicho ni mali ya Marekani lakini si sehemu yake kwa maana kamili ya Katiba. Kwa hiyo Marekani inaweza kushika eneo bila kuliahidi ujimbo, jambo ambalo watunga sheria wa 1787 hawakuliweka. Wakazi wa Puerto Rico ni zaidi ya milioni tatu, na mwakilishi wao bungeni huko Washington anazungumza, anakaa kwenye kamati, lakini hapigi kura ya mwisho ya kupitisha sheria.