Nchi ya asili ya zana: spana inazaliwa wapi?

Chukua spana ya namba 13 dukani, uigeuze. Shingoni utakuta maandishi yaliyogandamizwa kwenye chuma: CHROME VANADIUM, na pengine DIN 3113. Mara nyingi nimemsikia mnunuzi akimwambia mwenzake, "Hii ya Mjerumani, si unaona DIN?" Hapana. Chrome vanadium ni aina ya chuma, yaani kile kilichochanganywa na kromu na vanadi kiwe kigumu. DIN ni viwango vya Ujerumani, na namba 3113 ni kiwango cha spana yenye flati (mdomo ulio wazi) upande mmoja na ringi (duara) upande wa pili. Kiwanda cha nchi yoyote kinaweza kuifua spana kwa vipimo hivyo. Maandishi yote mawili ni ya kweli, ila hakuna hata moja linalokuambia chuma kilifuliwa wapi.

Swali hilo ndilo forodha huliita nchi ya asili. Maana yake si ngumu: ni nchi ambako kitu kilipatikana chote, au, kama kimepita mikononi mwa nchi zaidi ya moja, ni ile ambako kiligeuzwa kwa mara ya mwisho kwa kiwango kikubwa hata kikawa kitu kipya. Sehemu ya kwanza ni rahisi kwa maparachichi na kahawa. Zana za mkono huwa zinaangukia sehemu ya pili, na hapo ndipo watu wanapogombana.

Kwanza tuondoe lile kosa linalotokea kila siku. Kontena la nyundo limetoka kiwandani China, likashushwa Dubai, mfanyabiashara wa kule akaliuza, likapakiwa tena kuja Dar es Salaam. Ankara ni ya Dubai, hati ya meli ni ya Dubai. Nchi ya asili bado ni China. Tamko la forodha lina mahali pa kuandika nchi mzigo ulikosafirishwa na mahali pengine pa kuandika nchi ya asili, kwa sababu hayo ni maswali mawili. Anayejaza jibu moja pote pawili bila kuuliza anamtafutia mteja wake matatizo.

Sasa ule ugomvi wenyewe. Sijaona mahali ulipochambuliwa vizuri kuliko Marekani, na kesi iliyoamua mambo ni ya zana hasa: kampuni ya National Hand Tool dhidi ya serikali, katika Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, mwaka 1992. Kampuni hiyo ilikuwa ikiagiza kutoka Taiwan vipande vya soketi, yaani vichwa vya kufungulia nati, na mipini yake, vikiwa vimeshafuliwa. Vilipofika Marekani vilipitishwa kwenye moto ili chuma kikomae, vikasafishwa, vikapakwa nikeli na kromu, kisha vikaunganishwa. Aina moja ya mpini ilikunjwa kwa mashine ya kukandamiza baada ya kufika, na nyingine ikatiwa vijimistari vya kushikia ili isiteleze mkononi. Kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi karakana, hiyo ni kazi halisi, yenye tanuri, kemikali na mafundi. Kampuni ikasema: zana hizi zimekuwa za Marekani, hazihitaji kuandikwa Taiwan.

Mahakama ilikataa, na mwaka 1993 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Kipimo kilichotumika kina maneno matatu: jina, tabia na matumizi. Jina halikubadilika, kwani kipande kilichoingia kikiitwa mpini kilibaki mpini. Tabia haikubadilika, kwa sababu moto uligeuza chuma kwa ndani lakini umbo, ukiacha ile mipini iliyokunjwa au kutiwa vijimistari, lilibaki lile lile la Taiwan. Matumizi pia yalikuwa yameshaamuliwa siku ya kufuliwa, maana kipande kile kisingeweza kuwa kitu kingine ila soketi au mpini wake.

Kampuni ilikuwa na hoja nyingine, nayo huwa naiona ina mvuto: thamani kubwa iliongezwa Marekani. Jibu la mahakama linafaa kukumbukwa. Tukipima kwa thamani, waagizaji wawili wanaofanya kazi ile ile juu ya vipande vile vile, mmoja akiuza ghali na mwingine rahisi, wanaweza kupata nchi mbili tofauti za asili. Kwa zana iliyofanyiwa kazi ile ile, hilo halikubaliki.

Kipimo hicho chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1908 kampuni ya bia ya Anheuser-Busch ilidai kurudishiwa ushuru wa vizibo vilivyotoka Hispania, kwa kuwa ilikuwa imevichambua, ikavisafisha, ikavipiga mvuke na kuvipaka dawa kabla ya kuzibia chupa za kupeleka nje. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilisema kizibo kilichopitia yote hayo bado ni kizibo.

Kwa nini Marekani wanabishana hivyo hadi mahakamani? Sheria yao ya ushuru ya mwaka 1930, kifungu cha 304, inataka bidhaa kutoka nje iandikwe nchi yake ya asili pale mnunuzi wa mwisho atakapoona. Isipoandikwa, kuna ushuru wa ziada wa asilimia 10. Kwa koleo na visu, kanuni hazitaki karatasi ya kubandika inayobanduka kwa mafuta ya mkono. Zinataka jina la nchi ligongwe, lichongwe au litolewe pamoja na umbo kwenye chuma, au liwe kwenye kibati kilichofungwa imara. Na tangu 2018, bidhaa nyingi za asili ya China zinatozwa ushuru wa nyongeza, hivyo neno moja kwenye fomu linaweza kubadilisha hesabu yote ya faida.

Kwetu Afrika Mashariki sababu ni nyingine. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya hautofautishi nyundo ya China na ya Ujerumani. Asilimia ni ile ile. Tofauti inakuja pale zana inapodaiwa kuwa ya ndani ya Jumuiya, maana hiyo inavuka mpaka bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha anapata cheti kilichorahisishwa hapo hapo mpakani.

Basi tuchukue jembe. Kiwanda kinaagiza bamba la chuma, kinalikata, kinalipasha moto, kinalifua mpaka linakuwa jembe. Bamba liliingia likiwa sura ya 72 ya vitabu vya ushuru, chuma. Limetoka likiwa sura ya 82, zana. Kuhama kichwa cha ushuru, yaani namba ya kundi la bidhaa, namna hiyo ni alama inayotumika katika mikataba mingi kwamba kitu kipya kimezaliwa, na hapo sina shaka hilo ni jembe letu. Jirani yake anaagiza majembe yaliyokwisha kufuliwa, anayapaka rangi, anayanoa kidogo, anayafunga mipini ya mti wa hapa na kubandika lebo yenye bendera. Rangi, kunoa, kufungasha na lebo havibadilishi asili. Inaniuma kuona wa pili anauza kwa jina la wa kwanza, kwa sababu mwenye tanuri na wafuaji ndiye anayebeba gharama.

Seti za zana ndizo zinazowatega wengi. Sanduku moja la plastiki lina soketi kutoka Taiwan, koleo kutoka India na bisibisi kutoka China. Kwenye ushuru seti inaweza kuainishwa kwa kichwa kimoja, 8206, lakini kuziweka pamoja sandukuni hakujazaa zana mpya. Kwa utaratibu wa Marekani kila kipande kinabaki na nchi yake, hata kama kifuniko cha sanduku kina jina la mji mwingine kabisa. Ukiagiza seti ya namna hii, mwombe muuzaji akuorodheshee kipande kwa kipande kilifuliwa nchi gani, na orodha hiyo uipate kabla hujalipa, wakati bado ana haja ya kukujibu.