Lori Jipya, Mazoea ya Zamani: Dhana Potofu Kuhusu Oili ya Injini

Lori jipya linapotoka kwa muuzaji, kitabu chake cha matumizi mara nyingi hubaki kwenye mfuko wa nailoni ndani ya dashibodi, na swali la oili hupelekwa kwa dereva mkongwe au kwa fundi wa Ndeeba, mtaa wa magereji jijini Kampala, ambaye mikono yake imezoea malori yaliyoingia nchini yakiwa tayari yamechoka. Ninawaheshimu watu hao, kwani wamenifundisha mengi katika miaka ambayo nimesimamia malori yanayokwenda Mombasa na kurudi Kampala. Hata hivyo, ushauri uliookoa injini iliyochakaa unaweza kuiumiza injini mpya, na tajiri aliyekopa benki ili alinunue lori hilo hulipia kosa hilo kwa fundi na kwa benki pia.

Dhana: Uganda ni nchi ya joto, kwa hiyo oili nzito ndiyo inayolinda injini.

Ukweli ni kwamba injini ikishapata moto, thamostati, kifaa kinachodhibiti joto lake, huishikilia karibu na joto lilelile, iwe lori liko kwenye baridi ya Kabale alfajiri au kwenye joto la Elegu saa saba mchana. Ndiyo maana namba ya pili katika maandishi ya jerikani kama 15W-40 hutokana na uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, inapopimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, wala haihusiani na jua la nje. Namba yenye W huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi: 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Hakuna barabara ya Uganda yenye baridi ya namna hiyo, lakini oili inayotiririka kwa wepesi huifikia tabo na sehemu za juu za injini mapema zaidi baada ya kupiga stata, na sekunde hizo za kwanza ndizo ambazo chuma husuguana na chuma kikiwa na ulinzi mdogo.

Fundi anayeweka SAE 50, ambayo ni oili nzito zaidi, au anayeongeza dawa ya kuifanya oili iwe nzito, kwa kawaida ameona injini ambayo nafasi kati ya vyuma vyake zimepanuka, na humo uzito huo huficha kelele na moshi kwa muda. Katika injini mpya nafasi hizo ni finyu, na pampu pamoja na njia za oili vilipigiwa hesabu kwa uzito maalumu. Oili iliyozidi uzito huo huchelewa kufika, huongeza joto na hula dizeli bila faida.

Dhana: 15W-40 zote ni sawa, tofauti ni bei na rangi ya jerikani.

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, na huanzia dukani, ambapo mnunuzi hutaja uzito peke yake kama vile mtu anavyonunua viatu kwa kutaja namba bila kusema ni vya kazi gani. Uzito haukuambii kiasi cha dawa kilichomo cha kusafisha, cha kuyashika masizi na cha kuua tindikali. Hayo huelezwa na alama za daraja, ambazo huwa nyuma ya jerikani kwa maandishi madogo. Katika mfumo wa API wa Marekani, herufi C huhusu injini za dizeli na herufi S injini za petroli. Daraja la CF-4 ni la mwaka 1990, CH-4 la 1998, CI-4 la 2002, CJ-4 la 2006, na CK-4 lilianza Desemba 2016. Jerikani iliyoandikwa 15W-40 CF-4 na iliyoandikwa 15W-40 CK-4 hukaa rafu moja, lakini ya kwanza ilitungwa kwa injini za kizazi kilichokwisha kupita.

Je, basi tuchukue daraja la karibuni zaidi tukalale? Hapana. Mwaka huohuo wa 2016 lilitoka pia daraja la FA-4, ambalo ni jepesi zaidi kwa makusudi, lilitungwa kwa injini fulani tu, na halifai kwa kila injini inayokubali CK-4. Kwa malori ya Ulaya hutumika pia alama za ACEA, chama cha watengenezaji magari wa huko. Lori lenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi huhitaji oili yenye majivu machache, kama E6 na E9, ambazo mwaka 2022 nafasi zake zilichukuliwa na E8 na E11, kwa sababu majivu ya oili hayaungui na hukijaza kichujio hicho polepole mpaka kizibe. Lori lisilo na kichujio cha aina hiyo linaweza kuhudumiwa vizuri na E7 au CI-4. Anayejua lori lako liko upande gani ni aliyelitengeneza, na ameliandika jambo hilo kwenye kitabu kilichomo katika ule mfuko wa nailoni, wakati mwingine pamoja na namba ya kibali chake mwenyewe ambayo lazima ionekane kwenye jerikani.

Dhana: Oili ikiwa nyeusi imekwisha kazi.

Katika injini ya dizeli oili inaweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, nayo inakuwa hivyo kwa sababu inafanya kazi: imeyabeba masizi na kuyatawanya yasigandamane. Ninaogopa zaidi oili iliyogeuka kuwa kama chai ya maziwa, maana maji ya rejeta yameingia, au oili inayopanda juu kwenye kijiti bila mtu kuongeza chochote, maana dizeli inavujia ndani. Dalili hizi mbili zinamtaka fundi siku hiyohiyo.

Dhana: Mwaga oili kila kilomita 5,000, utakuwa salama.

Wapo pia wa upande wa pili, waliosikia kwamba malori ya masafa marefu Ulaya huzidi hata kilomita 100,000 bila kubadilishiwa oili, nao wanataka kufanya hivyo kwenye barabara ya Tororo. Pande zote mbili zinakosea kwa jambo moja, nalo ni kuhesabu kilomita peke yake. Injini ya lori zito hubeba lita 30 hadi 40 za oili, na kuimwaga kila kilomita 5,000 kwenye lori linalotembea lami usiku na mchana ni kumwaga oili ambayo bado ina nguvu. Na ile hesabu ya Ulaya inategemea oili ya daraja la juu kabisa, dizeli yenye salfa kidogo sana na mwendo mrefu usiokatikakatika.

Salfa ina uzito wake hapa. Ikiungua huzaa tindikali, na oili hupoteza nguvu yake ikiiua tindikali hiyo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, zilishusha kikomo cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hiyo ni hatua kubwa, lakini Ulaya kikomo ni sehemu 10. Lori linalovuka mpaka na kujaza dizeli isiyojulikana pembeni mwa barabara hufupisha maisha ya oili yake.

Kisha kuna saa ambazo gurudumu halizunguki. Januari 2022, mvutano kuhusu vipimo vya korona ulipofunga njia kwenye mipaka ya Malaba na Busia, malori yalisimama siku nyingi, na yaliyokuwa na injini zinazonguruma hayakuongeza hata kilomita moja kwenye mita. Hesabu inayotumika kwa magari ya kazi huichukua saa moja ya kunguruma bila kwenda kama takribani kilomita 40. Dereva akiacha injini ikiwaka saa kumi kwa siku, siku tatu, oili yake imefanya kazi ya kilomita 1,200, ambayo ni safari nzima ya Mombasa hadi Kampala, huku gari likisogea hatua mbili mbili kuelekea lango la mpaka. Tena kazi hiyo ni mbaya kuliko ya barabarani, kwa kuwa injini haipati moto vizuri, dizeli haiungui yote, na inayobaki huteremka kupita ringi za pistoni na kuingia kwenye oili.

Kwa hiyo malori mawili mapacha, moja la lami na jingine linalobeba miwa kwenye barabara za murramu za Busoga hadi kiwanda cha Kakira, hayawezi kuwa na ratiba moja. Kitabu huwa na jedwali la kazi nyepesi na kazi ngumu, na lori la miwa lingekuwa kwenye safu ya kazi ngumu hata likitembea kilomita chache. Soma mita ya saa pamoja na mita ya kilomita, na ubadilishe oili kwa ile itakayofika kwanza.

Dhana: Oili iliyotoka kiwandani imwagwe haraka, na filta inaweza kungoja mara ya pili.

Muda wa huduma ya kwanza hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na wengine huweka kiwandani oili iliyotungwa kwa ajili ya injini mpya, kwa hiyo fuata kilichoandikwa, la sivyo unaweza kupoteza hata dhamana. Filta haingoji. Ikijaa, vali yake hufunguka ili injini isikose oili, na oili hupita bila kuchujwa. Oili mpya kupitia filta iliyojaa ni pesa iliyotupwa.

Dhana: Jerikani yenye lakiri haiwezi kuwa ya bandia.

Niliwahi kununua jerikani ya lita 20 jijini Kampala, ikiwa na pete yake mdomoni na alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye lebo. Tulikuwa tumeshamimina lita nane hivi tulipogundua kwamba pete ilishikiliwa kwa gundi, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye plastiki haikulingana na ile ya lebo. Jerikani ilikuwa halali, kilichomo hakikuwa. Tuliimwaga yote, tukabadilisha filta tena, na lori likakosa mzigo wa siku hiyo. Tangu hapo ninanunua kwa msambazaji anayetoa risiti yenye namba ya toleo, na jerikani ikiisha tunaitoboa kwa msumari chini na ubavuni kabla haijatoka getini, ili asije mtu akaiokota na kuijaza tena. Oili chafu tunaihifadhi kwenye pipa lenye kifuniko mpaka mkusanyaji aje, kwa sababu ile inayomwagwa mitaroni hufuata maji ya mfereji wa Nakivubo hadi Ziwa Victoria.