Je, wajua? Wingu la radi linaweza kuvuruga GPS kutoka chini kabisa

Katika ukanda wa ikweta, kuna usiku ambao ishara za GPS huanza kupepesa muda mfupi baada ya jua kutua. Zinafifia, zinarudi, na wakati mwingine kipokezi huzipoteza kabisa. Usiku unaofuata, shwari. Kwa nini?

Kisa kiko kwenye ionosfia, sehemu ya angahewa ambamo mionzi ya jua imezinyang'anya atomi elektroni zake. Jua likizama, upande wa chini, kilomita 100 hivi kutoka ardhini, hupoteza elektroni upesi. Juu zaidi, kilomita 300 na kuendelea, bado zimejaa tele, na hapo ikweta nguvu za umeme za jioni hulinyanyua tabaka hilo zaidi. Plazma nzito (plazma ni gesi yenye elektroni huru kama hizo) sasa imekaa juu ya plazma hafifu, ikishikiliwa na usumaku wa dunia ambao hapa umelala sambamba na ardhi. Ni maji juu ya mafuta: yako tayari kupinduka, yanangoja mtikiso tu.

Mtikiso huo mara nyingi hutoka chini, kwa mawimbi ya graviti (si yale ya Einstein, haya ni ya hewa). Wingu la radi likipanda kwa nguvu, husukuma hewa iliyo juu yake. Uzito huirudisha chini, ikapitiliza, ikapanda tena. Wimbi hilo likielekea juu, hewa inazidi kuwa nyepesi, nalo linazidi kuwa kubwa. Mengi huvunjika njiani, na huko kuvunjika huzaa mengine.

Yakifika, hukunja upande wa chini wa lile tabaka. Palipoinuka, plazma hafifu huchomoka kwenda juu kama kiputo, pengine hadi zaidi ya kilomita 1,000. Ishara ya setilaiti ikipita humo hutawanyika. Watafiti Booker na Wells waliona mtawanyiko wa aina hii kwenye mwangwi wa redio huko Huancayo, Peru, na kuuripoti mwaka 1938. Volkano ya Tonga ilipolipuka tarehe 15 Januari 2022, mawimbi yake ya hewa yalifuatwa na viputo hadi anga la Asia.

Hata hivyo, wimbi peke yake halitoshi. Tabaka lisiponyanyuka vya kutosha jioni, dhoruba inaweza kunguruma usiku kucha na GPS isitetereke. Ndiyo maana kutabiri viputo vya usiku wa leo bado ni kazi ngumu.