Je, reli ya mwendokasi hujengwa kwa miaka mitano?

Wengi huamini kwamba pesa zikipatikana, reli ya mwendokasi hukamilika ndani ya miaka mitano, na ikichelewa basi ni uzembe tu. Imani hii ina msingi. Japani ilianza kujenga njia ya Tokyo hadi Osaka, kilomita 515, mwaka 1959 na kuifungua Oktoba 1964. China nayo ilijenga ya Beijing hadi Shanghai, kilomita 1,318, kati ya 2008 na 2011.

Ila hesabu hiyo huanzia siku ya kuchimba udongo. Japani ilikuwa imekwisha nunua sehemu ya ardhi na kuanza kuchimba baadhi ya mahandaki tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na gharama bado zilikaribia kuongezeka maradufu. Njia ya Beijing ilijadiliwa tangu miaka ya 1990. Upande wa pili, wapiga kura wa California waliidhinisha mkopo wa reli yao mwaka 2008, lengo likiwa 2020. Mwaka huo ulipita bila treni. Ardhi, kesi na fedha za vipande vipande vilichangia sana.

Ukisikia tarehe ya ufunguzi, uliza inahesabiwa kuanzia lini. Ardhi imeshalipiwa fidia kiasi gani? Fedha zote zimetengwa, au za kipande cha kwanza tu? Mimi hutazama pia kama ratiba imeacha miezi ya majaribio ya treni na ishara. Mara nyingi hapo ndipo pabanwapo.