Sola ya maji moto nunua ukifikiria Julai

Kwa mwaka mzima simu zangu nyingi zinakuja kati ya Juni na mwisho wa Agosti, na karibu zote ni lalamiko moja. Kuna mama mmoja wa Kasarani, hapa Nairobi, alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, sauti iko juu, "Fundi, hii kitu ya juu ya nyumba imekufa ama? Watoto wanaenda shule na maji ni ya vuguvugu!" Nikamwambia, "Mama, wacha nikuje nione kwanza." Mtambo haukuwa wangu, uliwekwa na fundi mwingine mwezi wa pili, jua likiwaka, na siku ya kuonyeshwa maji yalikuwa yanachoma mkono, kwa hivyo kila mtu akafurahi na pesa ikalipwa. Nilipopanda juu hakuna kitu kilikuwa kimeharibika, tyubu zote nzima, hakuna paipu inavuja. Shida ni vile mtambo uliangalia kusini, na vile hakuna mtu aliwahi kukaa chini na huyo mama akamwambia Julai itakuwa namna gani.

Kwa hivyo leo nataka tukae chini, maanake watu wengi wananiuliza kama watoke kwa shawa ya instanti (ile ya stima inayopasha maji yakipita) waende kwa sola, na jibu langu huwa ni ndiyo, lakini uelewe kwanza unanunua nini.

Tuanze na stima inaenda wapi. Kupasha lita moja joto la nyuzi moja kunataka nguvu ile ile haijalishi unatumia nini, na yuniti moja ya stima (kilowati moja ikiwaka saa moja) inapasha lita 860 kwa nyuzi moja. Hiyo namba iweke kichwani, ndiyo nitatumia mpaka mwisho. Shawa ya instanti ya kilowati 5.5 ikipitisha lita nne kwa dakika inaongeza joto kama nyuzi 20, yaani maji yakiingia na 20 yanatoka na 40, vizuri kabisa kwa kuoga. Ukioga dakika kumi umetumia lita 40 na karibu yuniti 0.9. Nitatumia shilingi 30 kwa yuniti ndiyo hesabu iwe rahisi (yako iangalie kwa meseji ya tokeni, gawanya pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata). Hiyo ni kama shilingi 27 kwa mtu mmoja, watu wanne ni 110 kwa siku, na mwezi ni kama 3,300 ya kuoga tu, bado hujawasha taa. Na Julai maji ya bomba yanaingia na baridi zaidi, shawa nguvu yake ni ile ile, ndiyo unaona mtu anapunguza bomba mpaka maji yanadondoka kama ya kubembelezwa, na kwa sababu yanadondoka anakaa dakika ishirini.

Boila ya tangi nayo si mbaya vile watu wanasema, ubaya wake ni kuachwa ikiwaka siku nzima. Tangi inapoteza joto usiku na mchana kama haijavishwa vizuri kitu cha kushika joto, unaweza kupoteza yuniti moja hadi mbili kila siku bila mtu kuoga. Kama unayo na huna pesa ya kubadilisha sasa, weka taima iwake saa kumi usiku izime saa kumi na mbili, thamostati, ile ya kupima na kukata joto, iache kwa nyuzi 60. Usishushe sana ukidhani unaokoa, kuna bakteria wa lejionela wanapenda maji yaliyokaa ya vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na hao wanaleta ugonjwa wa mapafu.

Sasa sola. Hapa tunaongea juu ya ile ya kupasha maji moja kwa moja, iwe ya tyubu za vioo au ya bamba, lile sanduku jeusi lenye kioo juu. Haina pampu. Maji yakipata joto yanakuwa mepesi yanapanda kwa tangi, ya baridi yanashuka chini kuchukua nafasi yake, yanazunguka hivyo jua likiwaka, ndiyo maana tangi lazima ikae juu kuliko bamba. Mwaka 2012 zilitoka kanuni za serikali kwamba jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liwekwe sola, kwa hivyo sio kitu kigeni hapa Nairobi, tangi ziko juu ya paa kila mtaa.

Kinachobadilika ni jua lenyewe. Februari hapa Nairobi kila mita moja ya mraba ya paa inapata zaidi ya yuniti 6 za jua kwa siku. Julai, na yale mawingu yanakaa mpaka saa sita, inashuka mpaka kama 4. Chukua mtambo wa kawaida wa lita 150 wenye mita mbili za mraba, na tuseme unakamata kidogo zaidi ya nusu ya hilo jua. Februari utapata kama yuniti 7, maji yanatoka nyuzi 20 yanafika 60. Julai utapata kama yuniti 4, na maji yameanza na 17, kwa hivyo jioni yako karibu 40. Soma hizo namba mara mbili tafadhali. Ni mtambo ule ule, paa lile lile, hakuna kitu kimeharibika. Sasa hayo maji ya 40 yalale usiku wa baridi, yapite kwa paipu ya mita kumi na tano ambayo haijavishwa, asubuhi mtoto anaguswa na maji ya vuguvugu na mama ananipigia.

Ile ya kuangalia kusini inaongeza shida juu ya shida. Nairobi iko kusini ya ikweta kidogo tu, kama nyuzi 1.3, na watu wanafikiri kwa sababu jua liko utosini basi upande wowote ni sawa. Sio sawa. Juni na Julai jua la saa sita linasimama kaskazini kwetu, kama nyuzi 24 kutoka utosini. Mtambo ukiangalia kaskazini na mwinuko wa nyuzi 15 hadi 20, unalikamata jua wakati ule ule unalihitaji. Desemba utapoteza kidogo, na mimi hiyo huwa nakubali kupoteza, kwa sababu Desemba hakuna mtu ananipigia saa kumi na mbili. Yule mama tulimgeuzia mtambo, tukatengeneza stendi mpya ya chuma kwa sababu bati lake lilikuwa limeinama upande mbaya, tukavisha paipu yote ile sponji nyeusi.

Na uangalie kivuli kabla hujalipa mtu. Nairobi hii jirani anaweza kuamka na ghorofa saba kando yako, nimeona nyumba South B jua linaisha saa nane mchana. Panda juu saa tatu, saa sita na saa tisa, uangalie kivuli cha ghorofa na hata cha tangi lako jeusi la maji limefika wapi. Fundi ambaye anakupa bei kwa simu bila kupanda kwa paa, mimi sidhani anajua anauza nini.

Halafu kuna ile hita ya stima ndani ya tangi ya sola, wengi wanaiogopa wanaikata kabisa ati inamaliza faida. Hapana jamani. Kama jua limefikisha maji 40 na unataka 50, hizo lita 150 zinataka yuniti 1.7 tu, kama shilingi 52. Bila jua ungelipia kutoka 17, hiyo ni karibu yuniti 6. Iweke kwa taima, iwake alfajiri miezi ya baridi peke yake, na kuanzia mwezi wa tisa izime usahau. Tuseme mtambo na kazi vimekula 130,000, na bili yako ya kuoga ilikuwa 3,300 kwa mwezi ukaokoa 2,400, pesa inarudi kwa miaka minne na nusu hivi, na mtambo mzuri unaishi zaidi ya hapo sana, lakini angalia maji yako. Ukiwa Kitengela ama pande za Athi River na unatumia maji ya kisima yenye chumvi, tangi linaliwa kutoka ndani. Ndani ya matangi mengi ya chuma kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa badala ya tangi. Ikaguliwe kila mwaka, ikiisha ibadilishwe, ni bei ndogo sana ukilinganisha na tangi jipya.

Wenye paneli za umeme wa jua wananiuliza kama watumie hizo tu. Paneli inageuza kama asilimia 20 ya jua kuwa stima, bamba la maji linachukua nusu ama zaidi kuwa joto, kwa hivyo kama paa ni dogo na unataka maji tu, bamba linashinda. Lakini kama tayari una paneli nyingi na mchana stima inabaki, pasha tangi nayo mchana, hiyo ni akili. Usichofaa kufanya ni kuunganisha shawa ya instanti ya kilowati 5.5 kwa inverta (ile inageuza stima ya paneli iwe ya nyumba) ya kilowati 5, itazima ukiwa na sabuni machoni, na ukirudia kila siku unaiumiza.

Kuna pia pampu ya joto, ambayo inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa, inachukua joto la hewa ya nje inalisukuma kwa maji. Yuniti moja ya stima inakupa joto la kama yuniti tatu, na hali yetu ya hewa inaifaa sana. Haitaki jua. Bei yake iko juu, na inanguruma, kwa hivyo usiiweke chini ya dirisha la chumba cha kulala. Kwa nyumba yenye watu wengi na paa lenye kivuli mimi ndiyo napendekeza.

Kama umepanga, paa si lako na mambo mengi hapa hayakuhusu, na najua ndivyo wengi wetu tunaishi. Ongea na landilodi ukiwa na hesabu mkononi, wapangaji sita wakiongea pamoja wanasikizwa. Kabla ya hapo, ndoo bado ndiyo kuoga kwa bei ya chini zaidi, lita 15 zikiongezwa nyuzi 25 ni kama shilingi 13. Ukitumia koili, ile ya stima ya kutumbukiza kwa ndoo, chomoa kwa soketi kabla hujagusa maji, kila siku, na watoto wakae mbali. Na ile shawa ya instanti iliyoko kwa nyumba, itisha fundi wa stima aangalie waya wa arthi, ule wa kupeleka shoti ardhini. Kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 23, nikifungua dari nakuta waya mwembamba wa soketi na arthi imekatwa. Ukihisi shoti hata kidogo kwa bomba, zima kwa swichi kubwa na usioge hapo mpaka itengenezwe. Hita ya gesi isiwekwe ndani ya bafu, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua.

Ya mwisho ni ya wenye tyubu za vioo, na sisi tunaopewa maji kwa zamu. Maji yakikosa siku tatu na tangi likiisha, tyubu zinabaki kavu kwa jua na ndani zinaweza kupita nyuzi 200. Halafu maji yanarudi saa saba mchana, kila mtu anafurahi, mtu anafungua valvu, maji ya baridi yanagonga kioo na kioo kinapasuka, nimebadilisha tyubu nane kwa nyumba moja siku moja kwa sababu hiyo. Kama mtambo wako umekauka, funga valvu ya kuingiza maji, funika tyubu na turubai ama blanketi nzee, na ujaze usiku ama alfajiri kabla jua halijatoka. Mwonyeshe pia keiteka ama dada wa nyumba hiyo valvu iko wapi, kwa sababu maji yakirudi wewe utakuwa kazini.