Je, ugonjwa ukizeeka hupoa?

Nikieleza kazi yangu, yaani kukokotoa jinsi vimelea vya magonjwa vinavyobadilika kizazi baada ya kizazi, swali la kwanza huwa lile lile. Si ugonjwa ukikaa sana na watu hupoa wenyewe? Kirusi kinachomuua aliyekibeba si kinakata tawi kilichokalia? Wazo hilo lina chembe ya ukweli, ila linakidhania kirusi kina mipango ya kesho. Hakina. Kuna aina zinazoenea zaidi leo na zinazoenea kidogo, basi.

Msingi wa hesabu zetu uliwekwa mwaka 1927 na watafiti Kermack na McKendrick, ambao modeli yao, yaani picha ya ugonjwa kwa milinganyo, inawagawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, na waliokwisha kutoka, kwa kupona au kwa kufa. Ukitaka kuona mageuzi unaongeza jambo moja tu: aina mbili za kirusi zinazogombania watu wale wale.

Tubuni mbili, Taratibu na Haraka. Katika zote, mgonjwa hupona kwa kasi ya 0.1 kwa siku, yaani kama mmoja kati ya kumi kila siku. Taratibu inaua kwa kasi ya 0.1 na mgonjwa wake huambukiza watu 0.4 kwa siku (ni wastani, usimtafute huyo mtu wa vipande). Haraka huzaana kwa wingi zaidi mwilini, kwa hiyo huambukiza 0.8 kwa siku, lakini mwili hauhimili: inaua kwa kasi ya 0.4. Ukali kwake ni gharama ya kuzaana, haunufaishi chochote kwa wenyewe.

Mgonjwa wa Taratibu hutoka, kwa kupona au kufa, kwa kasi ya 0.2, kwa hiyo hudumu siku 5 kwa wastani (1 gawanya kwa 0.2) na kuacha wagonjwa wapya 2. Wa Haraka hudumu siku 2 na kuacha 1.6. Hapa wengi hufunga daftari na kuitangaza Taratibu mshindi. Sasa tazama kasi. Kila siku, kwa kila mgonjwa, Taratibu hupata 0.4 na kupoteza 0.2, faida 0.2. Haraka hupata 0.8 na kupoteza 0.5, faida 0.3. Zikianza na mgonjwa mmoja mmoja katika jamii kubwa isiyo na kinga, faida ikizaa faida bila kusita, siku ya 20 Taratibu ina wagonjwa wapatao 55, na Haraka 400. Methali inasema haraka haraka haina baraka. Mlipuko ukiwa mchanga, inayo tele.

Kisha kinga inaenea. Tuseme imebaki nusu ya watu wanaoweza kuambukizwa. Maambukizi yanakatika nusu: Taratibu inapata 0.2 na kupoteza 0.2, inasimama. Haraka inapata 0.4 na kupoteza 0.5, inafifia. Watu wapya wakiendelea kuzaliwa, Taratibu ndiyo itakayobaki. Ugonjwa "umepoa" basi? Piga hesabu tena: Taratibu inaua nusu ya wagonjwa wake.

Jambo hili limewahi kuonekana nje ya karatasi. Mwaka 1950 Australia ilieneza virusi vya miksoma ili kupunguza sungura. Mwanzoni viliua zaidi ya asilimia 99 ya walioambukizwa. Mtaalamu wa virusi Frank Fenner na wenzake walikusanya virusi porini mwaka baada ya mwaka na kuvipima kwa sungura wa maabara, ambao ukoo wao haukuwahi kukutana navyo. Ujanja mzuri, maana hutenganisha mabadiliko ya kirusi na ya sungura. Baada ya miaka michache aina zilizotawala zilikuwa za ukali wa kati, za kuua kama asilimia 70 hadi 95. Mwaka 1982 watafiti Anderson na May waliziingiza takwimu hizo kwenye modeli na kuonyesha kwamba ukali wa kati ndio uliokipa kirusi uenezi mkubwa kuliko wote.

Watu hupenda kuishia hapo. Lakini sungura nao walijenga ukinzani, na miongo ya baadaye zilionekana tena aina kali sana zikipimwa kwa sungura wa maabara. Mwenyeji, yaani aliyekibeba kirusi, akiwa mgumu kufa, bei ya ukali inashuka.

Ndiyo maana ugonjwa wa Marek wa kuku hunivutia kuliko mfano mwingine wowote. Chanjo zake humwokoa kuku lakini hazizuii kirusi kupita. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba aina kali mno, ambazo kuku asiyechanjwa hufa nazo kabla hajazisambaza sana, husambazwa vizuri na aliyechanjwa. Hii haiilaumu chanjo kwa jumla, kwani ile inayozuia maambukizi yenyewe haikipi kirusi nafasi hiyo. Kwenye milinganyo, tofauti ya chanjo hizo mbili ni namba gani unaipunguza: ile ya kuambukiza, au ile ya kuua.