Je, wajua? Ule msitu wa Haller Park umetengenezwa na jongoo

Ukipanda matatu ya Mtwapa ukavuka daraja la Nyali, ukikaribia Bamburi Mtambo waona miti mikubwa imefungamana, na watu wengi hapa Mombasa wapita hapo kila siku wakidhani ni msitu wa tangu zama za mababu. Sio kabisa. Hapo palikuwa shimo.

Kiwanda cha simiti cha Bamburi kilianza kuzalisha 1954, na simiti yataka mawe ya chokaa, basi wakachimba matumbawe wee mpaka karibu wafikie maji ya chini, nayo ni ya chumvichumvi. Hebu fikiria lile jua letu, jiwe jeupe laumiza macho, udongo hakuna hata wa kujaza kikombe. 1971 akaja kujaribu Mswisi mmoja, René Haller, akapanda aina 26 za miti na zikashika tatu tu, mnazi na mvinje zikiwemo.

Mvinje uliweza kwa sababu mizizi yake ina vijidudu vinavyovuta naitrojeni ya hewani, yaani mti wajitilia mbolea wenyewe. Shida ni majani yake, ni membamba kama sindano na magumu, yakianguka hayaozi, yalala tu pale makavu, na pasipooza kitu hapawi na udongo. Ndo wakaletwa jongoo, wale wakubwa weusi wa miguu myekundu tunaowaona mvua ikinyesha. Wakayala yale majani, walichonya kikawa mboji, na humo vijidudu vingine vikaendeleza kazi. Wazee wetu wasema mtupa jongoo hutupa na mti wake, hapa jongoo na mti wake vikawekwa pamoja na udongo ukapanda kidogo kidogo, miti mingine ikaota, ndege wakaja wenyewe, baadaye wakaletwa na twiga na viboko.

Na ndipo alipoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee utadhani mamake, dunia nzima ikawajua.

Mimi napenda kwenda alasiri twiga wakilishwa, wanyoosha ulimi mrefu mweusi mpaka kiganjani na watoto wapiga kelele kwa furaha, halafu twateremka Pirates ufuoni tukale mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu. Siku hizi nikiingia mle kwanza natazama chini nisije nikamkanyaga jongoo.